Vua Miwani, Fumbua Macho

Nesi aliyemchoma baba chanjo ya homa ya uti wa mgongo alikula kofi. Sindano ilikuwa haijatoka begani vizuri, mkono wa pili wa mzee ukawa umeshafika shavuni mwa mtoto wa watu. Mahujaji wenzake waliokuwa kwenye benchi, wamekunja mikono ya kanzu tayari kwa zamu zao, wakaanza kuikunjua mmoja mmoja. Mimi, binti yake mkubwa niliyempeleka, nilikuwa nimeshambana mikono kwa nyuma kama kuku wa kuchinjwa, huku namwomba nesi radhi. Baba alisema hakukusudia. Alisema mkono ulikwenda wenyewe.

Hilo ndilo neno la ukoo wetu. Mkono ulikwenda wenyewe. Sisi ni Warangi wa Kondoa, tulihamia Dodoma mjini nikiwa binti, na hapa Makole watu wanatujua kwa salamu nyingi na swala tano. Ni kweli, hatukosi salamu. Lakini katika nyumba yetu hakuna aliyekua bila kuchapwa. Baba alikuwa mfanyabiashara wa ng'ombe kwenye mnada wa Msalato, na fimbo yake ya mnadani ilikaa nyuma ya mlango wa sebule. Alituchapa nayo bila msalie mtume. Alimchapa mama, Mungu amrehemu, alituchapa sisi, alichapa punda na mbuzi walioingia uani. Na mimi nisijifanye malaika. Nina mgahawa wangu mdogo, na mteja mmoja aliyenishika kiuno nilimmwagia upawa wa mchuzi wa moto mapajani. Sijutii hata leo. Mtoto wa nyoka ni nyoka.

Sasa mtu wa namna hiyo ndiye tuliyemtafutia safari ya Hija. Sisi watoto tuliona mzee anazeeka, macho yanafifia, tukasema aende kabla miguu haijamkatalia. Tulidhani kazi ni kupata nafasi tu. Thubutu! Nafasi ilikuwa mwanzo wa shughuli. Serikali ya huku inataka ujue unatokaje, serikali ya kule inataka ijue unaingiaje, na katikati uko wewe na mzee wako mwenye mkono unaokwenda wenyewe.

Tulianzia kwenye pasi ya kusafiria. Ofisini, kijana mmoja mpole alimshika baba kidole gumba akakibana kwenye kioo cha mashine. Nikaona mshipa wa shingo ya mzee umesimama. Tangu azaliwe, nadhani, hakuna mtu aliyewahi kumshika baba kidole na kukielekeza pa kwenda. Nilimkazia macho, akavumilia. Kidole cha pili, cha tatu, mpaka vyote. Kisha akaketishwa mbele ya kamera, na yule kijana akamwambia, kwa adabu zote: "Mzee wangu, vua kofia. Vua miwani. Fumbua macho, unitazame mimi."

Baba akavua. Nilikuwa nimezoea kumwona nyuma ya vioo vile vizito, vinavyomfanya aonekane yuko mbali. Alipovivua na kufumbua macho, nilishtuka. Yalikuwa macho ya bibi, mama yake. Yana rangi ya asali, na yanakutazama kama vile umeitwa ukachelewa kuitika. Watu wote wa kwetu husema hivyo, kwamba bibi aliwazaa wavulana wawili, macho yake akampa mmoja tu. Nilikuwa nalisikia hilo tangu utotoni, lakini siku ile ndipo nililiona.

Picha ikatoka. Pasi ikatoka. Tukaja kwenye chanjo, lile kofi likatokea, na nesi, Mungu ampe maisha marefu, hakumshitaki mtu. Alishika shavu lake akamwambia baba bado ile ya homa ya manjano, abadilishe bega. Kadi zote mbili zikagongwa muhuri. Nikazitia kwenye mfuko wa plastiki pamoja na pasi, nikaufungia kabatini, nikashusha pumzi. Nilijua tumemaliza.

Ndipo baba akaenda kwenye semina ya mahujaji msikitini. Nilifikiri wanafundishwa kuvaa ihramu na kuhesabu mizunguko. Kumbe siku hiyo shehe alizungumzia haki za watu. Aliwaambia kwamba haki ya Mwenyezi Mungu, Yeye mwenyewe husamehe, lakini haki ya mja haifutwi na Hija, haifutwi na maji ya Zamzam, mpaka aliyedhulumiwa aseme kwa kinywa chake amesamehe. Akawaagiza kila mmoja, kabla ya kufunga begi, azunguke aombe radhi.

Kesho yake baba akaanza kuzunguka. Jamani, nilicheka na nilisikitika. Mzee aliyetembea Makole miaka yote kifua mbele, sasa anabisha hodi mlango kwa mlango. Alikwenda kwa jirani ambaye yeye baba alimvunjia baiskeli kwa shoka kwa sababu iliegeshwa kwenye ukuta wetu. Alikwenda kwa fundi cherehani ambaye baba aliwahi kumkaba shati mpaka vifungo vikaruka. Alirudi kwa nesi, ambaye alimcheka na kumwambia mzee, hilo la kwako lilikuwa dogo, mabondia wako wodi ya watoto. Wote walisamehe. Mtu akija na kofia mkononi kuomba radhi kwa ajili ya Makka, nani atamkatalia?

Nami alinifuata jikoni kwenye mgahawa. Nilikuwa namenya vitunguu. Alisimama mlangoni, hakuketi, akaniambia kwamba alinichapa sana utotoni, kuliko wenzangu, kwa sababu nilikuwa silii. Akasema nimsamehe. Nikamwambia nimekusamehe, baba. Sikuinua uso. Nilisema tu kwa sababu ndivyo inavyosemwa, na kwa sababu wapishi wangu walikuwa wanasikiliza. Moyoni nilikuwa naikumbuka ile fimbo ilivyokuwa inalia hewani kabla haijafika mgongoni. Mtu hasahau sauti ile.

Alipomaliza watu wote, akabaki mmoja. Akaniambia sebuleni, baada ya swala ya alasiri, kwamba bila huyo mmoja haendi popote. Nirudishe pasi, wampe nafasi mtu mwingine. Hakuwa anatania. Nikajua ni nani, kwa sababu nilikuwapo.

Nilikuwa darasa la sita. Tulikuwa bado Kondoa, na ukame ulikuwa umekausha kila kitu, mto umebaki mchanga mtupu. Wakati kama ule watu huchimba visima ndani ya mchanga wa mto. Unachimba mpaka kiunoni, unakaa kusubiri maji yachuruzike kidogo kidogo, unachota kwa kata, unanywesha ng'ombe mmoja mmoja. Na sheria ya pale ni moja, ipo kabla ya sisi sote: aliyechimba ndiye anayenywesha kwanza. Hata adui yako akichimba, unasubiri.

Baba mdogo, yaani mdogo wake baba, ndiye aliyechimba siku ile. Alichimba toka alfajiri, mikono imemchubuka. Maji yalipoanza kutoka, baba akafika na ng'ombe wake, akawaingiza moja kwa moja. Yeye ndiye mkubwa, ng'ombe wake wana kiu, basi. Baba mdogo akasimama mbele ya kisima akatandaza mikono. Akamwambia, kaka, wasubiri. Alisema neno hilo tu. Baba akainua fimbo. Nilisikia ile sauti ya hewani, kisha nikasikia nyingine, kama nazi inapodondoka kwenye jabali. Baba mdogo hakuanguka. Alisimama na mkono usoni, damu inapita kati ya vidole inadondokea kwenye maji aliyoyachimba. Jicho la kushoto lilikuwa limekwisha. Bibi alikuja mbio, akavua kanga yake ya juu akamfunga, na huku anamfunga anamlaani baba kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia tena kwa binadamu. Na ng'ombe wa baba walikunywa yale maji. Hilo ndilo nisiloweza kumeza mpaka leo.

Baba mdogo aliondoka Kondoa. Aliifuata reli akaishia Gulwe, kule wilaya ya Mpwapwa, akaoa Mgogo, akafuga mbuzi. Bibi alipokufa alikuja kuzika. Alisimama upande wa pili wa kaburi, akatupa udongo, akaondoka bila kuonja chakula cha matanga. Hakumsemesha baba siku hiyo wala siku nyingine yoyote.

Tulikwenda Gulwe kwa gari la kukodi. Tulimkuta baba mdogo uani kwake, anachonga mpini. Alikuwa amezeeka vizuri, mwembamba, mnyoofu, upande wa kushoto wa uso umekunjamana kama kitambaa kilichoshonwa bila kupigwa pasi. Nikapiga goti nikamwamkia shikamoo baba mdogo, akaitika marahaba mwanangu. Mkewe akaleta vigoda na maji. Baba hakukalia kigoda. Aliketi chini kwenye vumbi, na kanzu yake nyeupe, akasema amekuja kuomba radhi, anakwenda Hija.

Baba mdogo aliendelea kuchonga. Kisha akacheka kwa puani, akasema kumbe ni ndege iliyomkumbusha. Miaka yote hii treni zinapita hapa nyuma ya nyumba kutoka Dodoma na hakuna iliyomkumbusha, mpaka ndege. Baba akainamisha kichwa. Baada ya hapo baba mdogo akaweka panga chini, akamtazama kaka yake kwa jicho moja.

"Ile fimbo bado unayo?"

Baba akasema anayo.

"Basi njoo nayo."

Akaokota panga akaendelea na mpini wake. Mazungumzo yakaishia hapo. Mkewe alitusindikiza hadi garini bila kututazama usoni.

Ndani ya gari niliwaka. Nilimwambia baba hiyo si radhi, hiyo ni vita. Nilimwambia kiongozi wa msafara wa mahujaji ameshatuonya: mtu akiugua au akiumia kabla ya siku ya kuondoka, wenzake wanaondoka, yeye anabaki. Viza imetoka, jina limo, na yeye anataka kwenda kupasuliwa kichwa na mtu mwenye kinyongo cha maisha mazima? Nilimwambia shehe mwenyewe alisema, ukiomba kwa unyenyekevu ukakataliwa, umefanya lako, mwachie Mungu. Baba akanijibu kwa utulivu ulionichefua zaidi. Akasema baba mdogo hajakataa. Amemwambia aende na fimbo.

Basi nikaamua kuiondoa fimbo. Asubuhi baba alipokwenda msikitini niliitoa nyuma ya mlango, nikaenda nayo mgahawani, nikaisukumiza kwenye jiko la kuni chini ya sufuria la maharage. Haikushika moto haraka. Mti wake ni mgumu, na umenyonya jasho la mikono ya baba na migongo yetu, ulikataa kuungua. Baba akanikuta. Aliivuta kwa mkono wake kutoka motoni, akaizima kwa maji ya kuoshea vyombo, na ule mkono mwingine ukanitandika kofi, mimi mwanamke mzima mwenye wajukuu, mbele ya wateja wanaokunywa chai. Niliona nyota. Nikashika mwiko. Wallahi nilishika mwiko nikauinua juu ya kichwa cha baba yangu mzazi.

Na mzee, akiwa na fimbo inayofuka moshi mkononi, akasema nisamehe. Papo hapo, kabla uso wangu haujaacha kuwaka. Akasema, unaona? Unaona kwa nini lazima niende? Nikauteremsha mwiko. Wateja wakarudi kwenye chai zao, na mmoja akauliza kama chapati zimebaki.

Safari ya pili ya Gulwe, nilitia jiwe kwenye mkoba. Sifichi. Lilikuwa jiwe zuri, la ukubwa wa ngumi, na nililichagua mwenyewe. Nilikuwa nimejiapiza kwamba baba mdogo akimpiga baba mara ya pili, mimi namalizana naye.

Baba mdogo alikuwa anatusubiri. Hakutukaribisha nyumbani, alitangulia akatupeleka mtoni. Mto wa pale msimu wa kiangazi ni mchanga mpana, wenye joto, unaozamisha viatu. Alikuwa amechimba kisima kwa ajili ya mbuzi wake, kizuri, kimezungushiwa miiba. Mbuzi walikuwa wanangoja kando. Baba alipokiona kile kisima alisimama, nikamshika kiwiko, akakivuta kiwiko chake.

Baba mdogo akanyoosha mkono. Baba akampa fimbo, ncha yake nyeusi kwa moto wangu. Baba mdogo akaipima uzito, akaigeuza, akaishika pale baba anaposhikaga. Niligundua kwamba alikuwa anaijua fimbo ile kuliko sisi sote tulioishi nayo.

"Vua kofia," akasema.

Baba akavua, akanipa.

"Vua miwani."

Akavua, akanipa. Nikavishika kwa mkono mmoja, mkono wa pili uko ndani ya mkoba, juu ya jiwe. Baba alikuwa amesimama mbele ya kisima, mikono imening'inia, ameyafumba macho kwa nguvu kama mtoto anayesubiri sindano. Midomo yake inasoma dua.

"Fumbua macho, kaka. Mimi siku ile nilikuwa nimeyafumbua."

Baba akayafumbua. Na mimi nikayaona tena, yale ya picha ya pasi, yale ya bibi, yakimtazama mwanawe mdogo. Baba mdogo alikuwa ameshainua fimbo. Akasimama nayo hewani. Jicho lake moja likatazama, likatazama. Akasema taratibu, kama anayejisemea, kwamba macho haya ni ya mama. Kisha akapiga.

Ile sauti ya hewani nimeisikia mgongoni mwangu mara zisizo na idadi, na nilidhani siku nikiisikia inamwendea baba nitafurahi. Nilikuwa nimeitamani siku hiyo utoto wangu wote. Sikufurahi. Nilipiga kelele mimi, si yeye. Fimbo ilitua juu ya nyusi, upande wa kushoto, upana wa kucha moja tu juu ya jicho. Nyama ikafunguka. Baba akapiga magoti mchangani, damu ikamfunika uso. Mbuzi wakatawanyika.

Nilishatoa jiwe, sikungoja pigo la pili. Nilishafika kwa baba mdogo, mkono uko nyuma ya bega langu tayari kurusha, naye ananitazama bila kujikinga. Baba akasema, kutoka kule chini, neno moja: "Acha." Hakulisema kwa ukali. Kwa miaka yote nilimjua baba kwa ukali na nilijua kubishana nao. Ile sauti ya upole sikujua niifanye nini. Nikaliacha jiwe likaanguka, nikakaa chini nikalia, mimi niliyechapwa kwa kutolia.

Baba mdogo akaivunja fimbo gotini. Ilikuwa imeliwa na moto mpaka katikati, ikavunjika kwa urahisi. Akavitupa vipande. Kisha akaingia kwenye kisima chake, akachota kata ya maji, akamshika baba kisogo akamwosha uso, akachota tena, akamnywesha. Mbuzi wake wenyewe hawakuwa wamekunywa. Baba akauliza, ndugu yangu, umeridhika? Umenisamehe? Baba mdogo akaendelea kumwosha. Hakusema ndiyo, hakusema hapana. Alituongoza hadi kwenye gari, akafunga mlango upande wa baba, akarudi kwa mbuzi wake.

Nyuzi zilishonwa hospitali Mpwapwa. Daktari aliuliza, baba akasema alianguka, uongo wake wa mwisho kabla ya Hija, maskini. Lakini jicho lilikuwa zima. Uso ukavimba, ukawa mweusi, kisha wa zambarau. Kiongozi wa msafara alipomwona alishika kichwa, akauliza tumempitisha mzee chini ya trekta? Akampeleka apimwe upya, na alipoambiwa anaweza kusafiri akanung'unika lakini akamwacha kwenye orodha.

Mimi niliona tumeshavuka. Baba hakuona hivyo. Kila siku aliniuliza kama simu imeita kutoka Gulwe. Alisema shehe alisema kwa kinywa. Amepigwa, sawa, alistahili, lakini neno halijasemwa. Nilimtukana moyoni, nikamwambia kwa mdomo kwamba mtu anayekuosha damu amekusamehe, unataka nini zaidi? Akasema anataka neno. Alifunga begi akalifungua, akafunga tena. Asubuhi ya safari alioga, akavaa, akakaa sebuleni na begi mapajani, akasema atafika uwanjani kuwaaga wenzake tu. Ukistaajabu ya Musa utayaona ya Firauni. Nilimsukuma ndani ya gari kama gunia.

Msafara wao ulikuwa unaruka kutoka hapa Dodoma kwenda kuungana na wengine Dar es Salaam. Uwanja ulijaa kanzu, ubani na watu wanaolia. Na pale karibu na mlango wa kuingilia, amesimama peke yake, amevaa kanzu ya kuazima iliyomfikia katikati ya miguu, alikuwa baba mdogo. Alikuja kwa treni. Hakusalimia kaka yake. Alilichukua begi kutoka mkononi mwa baba akaanza kutembea nalo mbele, na baba akamfuata, na mimi nikawafuata wote wawili. Nilikuwa nachunga mikono yao.

Mlangoni kulikuwa na askari kijana anayekagua tiketi na pasi. Akaifungua pasi ya baba, akaitazama picha, akamtazama baba, akaitazama picha tena.

"Mzee wangu, samahani, vua miwani."

Baba akavua. Nyuzi zilikuwa bado zimo, uvimbe umeteremka hadi shavuni. Yule kijana akakunja uso. Akamuuliza nani amemfanya hivi, na akauliza kwa sauti ya kiserikali, ile inayotaka jina. Mstari wote nyuma yetu ukatega sikio. Nikaona safari imekufa mlangoni, yule mtoto atampeleka mzee pembeni kuandikisha maelezo, na ndege haimngoji mtu.

Baba akasema, "Ni ndugu yangu. Alikuwa ananiaga."

Askari hakucheka. Akageuka akamtazama aliyeshika begi, akauona uso ule uliokunjamana, upande usio na jicho. Akauliza, mzee, ni wewe uliyempiga?

Baba mdogo akaliweka begi chini.

"Ni mimi niliyempiga," akasema. "Na nimemsamehe."

Yule kijana alimtazama mmoja, akamtazama mwingine, kisha akanitazama mimi, labda nimfafanulie. Baba alikuwa amefunika uso kwa kiganja na mabega yanamtikisika. Alipoondoa kiganja, askari akamrudishia pasi yake. Baba akavaa miwani, akainama akachukua begi miguuni pa mdogo wake, akaingia ndani.